Glavu za Mama Yako za Kushikia Sufuria

Shija, ng'wana wane, mwanangu,

Tangu baiskeli iingie nchi hii ya Wasukuma, hajatokea mwanaume mwingine aliyeteremka mlima wa josho na magunia mawili ya pamba kwenye keria, mikono yote miwili hewani, akavuka daraja na kufika kwa mnunuzi kama bwana harusi. Mwanaume huyo ni mimi. Ndiyo maana hapa Sola mpaka watoto wa chekechea wananiita Mikono Juu, na wewe unaitwa Mtoto wa Mikono Juu, na nimekuona jinsi shingo inavyokurefuka ukiitwa hivyo.

Sasa tafuta mahali ukae. Hadithi hiyo ni ya uongo.

Usiruke kwenda kumwuliza mama yako. Yeye anajua, amejua siku zote, na kukaa kwake kimya ndiyo mahari ya pili anayonidai. Nimeamua kuandika kwa sababu uongo huu umekaa mdomoni mwangu muda mrefu kiasi kwamba nikijaribu kuutoa kwa kusema, unageuka utani na watu wanacheka. Kalamu haina meno ya kuchekea. Darasa la nne langu nililisoma kwa wamisionari, kwa hiyo herufi zangu zina heshima hata kama mimi sina. Ukikuta neno limepinda, wewe wa darasa la saba linyooshe, usinitangaze.

Kilichonifanya nishike kalamu ni cha Jumamosi. Nilikuwa nimejisitiri nyuma ya josho kwa shughuli ambayo mzee hawezi kuifanyia barabarani, nikasikia vijana wanapiga kelele: "Achia! Achia, Mtoto wa Mikono Juu!" Nikachungulia. Nikakuona unateremka, kiroba cha mchanga kwenye keria, mikono umeipandisha kama unayesalimu amri, meno yote nje. Ng'wana wane, nimewahi kukimbizwa na fisi. Siku ile ya fisi sikuogopa vile.

Ulifika chini salama wakakubeba juu juu. Lakini mchanga umetulia, hautikisiki. Wewe kesho unakwenda Lamadi kwa shangazi yako ubebe dagaa, uwatoe ziwani mpaka Bariadi, kila siku ya mnada na nyingine katikati, na dagaa hupakiwa mpaka keria inanung'unika. Njia hiyo ina miteremko ambayo haina mnunuzi wa pamba chini yake. Kwa nini nasema hivyo utaelewa sasa hivi.

Unakumbuka mwaka ule wanunuzi binafsi walipoanza kuja? Ulikuwa ndiyo umeanza shule, kaptula inakufika vifundoni. Kabla ya hapo pamba ilikuwa ya chama cha ushirika. Unaipeleka, unapewa karatasi, unarudi nyumbani unaitazama karatasi. Hao wapya walikuja na magari yao na pesa mkononi. Ila pesa yenyewe ilikuwa inaisha kabla jua halijasimama utosini, na aliyechelewa aliambiwa arudi kesho, na kesho hawapo, wamehamia Maswa. Basi tukaingiwa na wazimu. Pamba ambayo zamani tuliisubirishia trekta la chama tukaanza kuikimbiza wenyewe kwa baiskeli, alfajiri na alfajiri, mimi na nkoi wangu, rafiki yangu Jilala, yule yule mnafiki anayekupa sigara ukidhani sijui.

Barabara ile unaijua. Ina mikunjo kama bati. Mtu mwenye akili anaishika baiskeli kama anavyomshika kuku wa kumpelekea mkwe, asimbane akafa wala asimlegezee akaruka. Mimi niliukamata usukani kama mwizi wa baiskeli niliyemfumania. Nilikaza viganja na viwiko, nikakaza mpaka makalio. Nilidhani kukaza ndiyo nguvu. Siku ya tatu, ya nne, kidole kidogo cha mkono wa kushoto kikaanza kuchezacheza kama kinatambaliwa na siafu. Nikakipuuza, maana mwanaume anajali vipi kidole kidogo? Kesho yake kikamwita jirani yake. Keshokutwa viganja vyote vikawa na ganzi, kama nimevikalia usiku kucha. Nikifika naipiga mikono mapajani, damu inarudi, nasema tayari nimepona, napakia tena.

Siku ya hadithi yetu nikafika juu ya mlima wa josho. Jilala alikuwa nyuma yangu. Nikaanza kuteremka. Nikataka breki. Nikawaambia vidole, jamani, breki. Hakuna aliyenijibu. Ni kama kuita watoto wakachote maji. Nikaangalia chini, nikaona vipo vimelala juu ya breki, lakini nguvu haikuvifikia. Halafu jiwe likaipiga tairi ya mbele, usukani ukaruka, na mimi, baba yako, shujaa wako, nikainua mikono yote miwili mbele ya uso wangu kuitazama kama bado ninayo. Nakuapia kwa huyo huyo Mungu ambaye katekista anasema sitamwona. Niliiinua ili niitafute.

Daraja lilipita chini yangu bila mimi kushauriwa. Akina mama waliokuwa wanafua walipiga vigelegele, wakidhani nawafanyia mbwembwe. Baiskeli ikapanda kile kijilima kidogo yenyewe kama punda anayejua kwao, ikaingia uwanjani kwa mnunuzi, ikapanda turubai, na mimi nikatua katikati ya rundo la pamba ya watu. Pamba nyeupe, laini, imerundikwa mpaka kifuani. Mungu alikuwa ameniandalia godoro.

Jilala akafika anahema. "Mmemwona?" akapiga kelele. "Mmemwona huyu? Kaachia mikono yote miwili toka josho!"

Mimi nikiwa chali ndani ya pamba, na pumzi sina, nikasema, "Huo ni mchezo mdogo. Siku moja nitawaonyesha mkubwa."

Ndiyo hivyo uongo ulizaliwa, ukiwa na uzito kamili, na ukaanza kutembea siku hiyo hiyo. Karani aliponipa pesa sikuweza kuzishika, zilikuwa zinateleza vidoleni kama kambale. Nikamwambia, "Mpe Jilala aniwekee mfukoni. Mimi leo sishiki pesa." Watu wakapiga makofi tena. Walidhani ni maringo.

Jioni nikaenda zizini kukamua. Yule ng'ombe mwekundu, mama wa huyu mwenye pembe moja, alinipokea vizuri. Nikashika chuchu. Nikabana. Kidole cha kwanza kilibana, cha pili kilibana, hivyo viwili vya pembeni vikakaa tu kama wageni wanaosubiri chakula. Maziwa yakanimwagikia magotini. Ng'ombe akageuza kichwa akanitazama, na sijawahi kutazamwa vile na mkwe yeyote.

Kesho yake nikakuita. Unakumbuka nilikuambia, "Shija, sasa umekuwa mwanaume, kuanzia leo unakamua"? Ulikuwa mdogo kuliko wenzako wote. Ulikuwa unakamua huku umebeba kibuyu kwa magoti yote mawili, na ulimi nje. Ulijivuna mwezi mzima. Nilikuambia nakufundisha ukakamavu. Uongo. Nilikuwa nakuazima vidole.

Vile vya kulia vilirudi, taratibu, kama watoto watoro. Hivyo viwili vya kushoto havikurudi kamili mpaka leo. Yule dada wa zahanati aliniambia kuna mshipa wa fahamu unapita hapo chini ya kiganja, upande wa kidole kidogo, na kwamba nimeugandamiza mpaka ukachoka kunisemesha. Akasema ningekuja mapema, wakati bado unatambaliwa na siafu, ungepumzishwa ukapona. Nikamwuliza dawa. Akasema, "Dawa ilikuwa kuacha, mzee." Nikamwambia basi hiyo dawa naona imeisha.

Ningeweza kuacha, unaelewa? Ningeweza kusema ukweli wiki ile ile. Lakini tayari nilikuwa Mikono Juu. Mikono Juu atasema vipi mikono inamuuma? Nikaendelea kubeba pamba misimu mingine, nimekaza vile vile, ili jina lisife njaa. Ukitaka kujua jinsi mtu mzima anavyolishwa ujinga, mpe jina zuri.

Na la kuchekesha zaidi, au la kulia, chagua wewe, ni kwamba glavu nilikuwa nazo. Hizo hizo ulizoziona juzi kwa fundi baiskeli. Nilipozitoa mfukoni ukaangua kicheko mbele ya watu: "Baba! Hizo si za mama za kushikia sufuria?" Fundi akaangusha spana kwa kucheka. Nikazirudisha mfukoni. Sikukasirika. Nilikuwa najua zimetoka wapi.

Nilizinunua mnadani, mwaka mitumba ilipoanza kumwagwa kama mvua. Yule mchuuzi alifungua robota mbele yetu, zikatoka sweta, kaptula, na rundo la mikono mitupu ya watu wa nchi za baridi. Hakuna aliyejua za nini. Bibi mmoja alinunua ya sufu akaenda kumvalisha mbuzi wake kiweleni, watoto wa mbuzi wasinyonye kabla hajakamua, na nasikia ilifanya kazi vizuri sana. Mimi nikapata hizi za ngozi. Nikazivaa kwenye baiskeli kurudi nyumbani, na ng'wana wane, mkono ulikaa kwenye usukani kama umelala kifuani kwa mama yake. Barabara ile ya bati niliisikia kwa mbali, kama ugomvi wa nyumba ya jirani.

Zilidumu mikononi mwangu siku mbili. Siku ya pili nikakutana njiani na babu yako mzaa mama, Mungu ampumzishe, ingawa yeye hakunipumzisha kamwe. Nikashuka, kama inavyotakiwa, nikailaza baiskeli kando, nikachuchumaa nusu, nikasema mwadila baba, nikatoa mkono. Wenye glavu.

Akautazama. Akauacha hewani.

"Mkono wako una ukurutu?" akaniuliza.

"Hapana, baba."

"Basi ni wangu ndio una ukurutu."

Akapita. Nilibaki nimechuchumaa pale, mkono bado nimeunyoosha, nausalimia mbuyu. Nilipofika nyumbani habari ilikuwa imenitangulia, sijui ilipanda nini. Mama yako alikuwa mlangoni, machozi yanamtoka kwa kucheka. "Yaani umempa baba yangu ngozi ya ng'ombe tu? Na huyo ng'ombe mwenyewe wa mahari yuko wapi?"

Nikazivua, nikazitupia jikoni. Akaziona zinafaa kwa sufuria, zikaanza maisha yao mapya. Nami nikaapa kwamba mwanaume wa Kisukuma anasalimia kwa ngozi yake mwenyewe, na barabara hii ina watu wa kusalimiwa kila hatua, kwa hiyo glavu na heshima haviwezi kukaa kwenye baiskeli moja. Niliisema hiyo vilabuni. Watu waliitikia kwa vichwa. Ilionekana ni hekima.

Miaka, Shija. Imenichukua miaka kuona jambo ambalo hata yule mbuzi wa glavu ya sufu angeliona. Glavu inavuliwa.

Hiyo tu. Ningeivua. Nimeshashuka, nimeshalaza baiskeli, nimeshachuchumaa, yaani kazi ngumu zote nimezimaliza, nikashindwa kuvuta kipande cha ngozi. Na ningekivua mbele ya macho yake angeona nimekivua kwa ajili yake, kama mtu anavyovua kofia. Ingekuwa heshima mara mbili. Angenisifu hata kwa yule ng'ombe wa mahari ambaye sikumlipa. Badala yake nilichagua kulipa kwa vidole viwili. Wazee husema heshima si utumwa. Kweli, lakini sisi wengine hujifunga wenyewe kamba halafu tunaisifia heshima.

Sasa, mambo ya usile nini, usilale wapi, umwamkie nani, mama yako atakueleza mpaka lile gari la mchanga litakalokubeba kesho likupigie honi. Mimi siyarudii. Nina haya machache ya mikono, na yote nimeyalipia.

Baiskeli usiibane. Ukiona mifupa ya vidole imekuwa myeupe ujue unagombana na mtu asiyekuwepo. Legeza viwiko vikunjike, vile vile magoti ya mcheza ngoma yanavyokunjika. Mcheza ngoma mwenye magoti ya fimbo umemwona wapi? Mzigo wa dagaa utakusukuma uegemee mbele, uzito wote ukae viganjani. Usikubali. Nimemwambia fundi akupandishie usukani kidogo na alilaze tandiko sawasawa, lilikuwa limeinama kama linasujudu, lilikuwa linakutelezesha mbele nawe unajizuia kwa mikono. Alinibishia. Nikamwambia mimi ndiye Mikono Juu, akafanya mara moja. Unaona, uongo nao una siku zake.

Na siafu wakianza kutambaa kwenye kidole kidogo, simama. Shuka, kung'uta mikono, tembea na baiskeli, salimia watu. Dagaa ameshakufa, hana haraka. Wakija tena kesho yake na keshokutwa, nenda zahanati na usimwambie dada wa watu utani, mwambie ukweli. Mimi utani wangu ulimchekesha sana nikatoka na vidole vile vile.

Pale mlimani nisikudanganye kwamba nakukataza. Wewe ni mwanangu, nikikukataza utafanya mara mbili. Nakuambia tu kilichotokea. Hakuna mtu aliyewahi kuachia mikono pale. Mikono ilimwachia mtu. Wewe Jumamosi umefanya kwa hiari yako kitu ambacho mimi kilinipata kwa maradhi, kwa hiyo kama ni ushujaa, basi umeshanishinda, mchezo umekwisha, hakuna wa kushindana naye. Chukua hilo jina uende nalo kama unalitaka. Lakini uteremke umeshika breki.

Sina wasiwasi na wewe. Ninayo mengi ya kukuchokoza, ila wasiwasi sina. Una miguu ya mama yako na kichwa cha babu yako yule, na nilipokuona unamkamua yule mwekundu, mdogo vile, na ulimi nje, nilijua kwamba siku moja utaondoka na nyumba haitaanguka. Itapiga kelele tu, kwa sababu nimo mimi.

Glavu ziko juu ya mfuko wako wa nguo. Nimezikata ncha ili vidole viisikie breki. Mama yako ameshonea vifuko viwili vya pamba kila kiganja, kimoja huku, kimoja huku, katikati ameacha njia ili ule mshipa upite bila kugandamizwa. Ni pamba ya shamba letu, ile ambayo mnunuzi aliikataa akasema ni chafu. Sehemu za kifundo ameziacha pana, zivulike haraka ukikutana na mzee. Hiyo ya kulia ina alama ya kuungua kwenye dole gumba, ni ya uji wako wa utotoni. Zinanuka mlenda. Utazoea. Mama yako tangu juzi anaipua sufuria kwa khanga na ananitazama vibaya, kwa hiyo usizirudishe, atazichukua.

Jambo la mwisho, na hili ni deni.

Ulipokuwa unaanza shule ulikuwa hujui kufunga vifungo. Mama yako alikuwa kisimani, mimi ndiye nilikuwa nakufunga shati kila asubuhi, nawe unarukaruka kama ndama. Mwaka ule wa pamba nikaacha. Nilikuambia umekua, ujifunge mwenyewe. Sasa unajua kwa nini. Tangu hapo mama yako ndiye ananifunga mimi, kila Jumapili, mlango umefungwa, anasema, "Lete shati, Mikono Juu," na hajawahi kulisema jambo hilo nje.

Kesho nataka kukusindikiza mpaka barabarani nikiwa na shati langu la kanisani. Kifungo cha juu, kile cha shingoni, kinanishinda. Na kile cha mkono wa kulia, maana hicho hufungwa na mkono wa kushoto. Mama yako atakuwa anakufungia michembe ya viazi ya kula njiani na analia, tusimsumbue.

Njoo unifunge wewe. Ila uje umevaa hizo glavu. Nataka nione vidole vyako vinapita vizuri kwenye kitundu kidogo. Visipopita, kisu ninacho, tutaongeza kukata.

Baba yako